Mfaume Hakuwa Kibarua

Bweni la Wasichana, Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.
Mfungo Tatu.

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Bakari Salumu, Pande.

Shikamoo baba. Ipokee kana kwamba nimepiga goti hapo ukumbini, na mama naye umfikishie yake. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mafua ya huku kilimani hayaniachi. Goti lako la kulia linaendeleaje? Je, nyumba ya kijiji kipya mmekwisha kuiezeka, au bado mnalala kwenye kile kibanda cha makuti mlichojenga siku mliyohamishwa? Mama alinitumia salamu na dereva mmoja wa lori kwamba kisima kiko karibu sasa. Nilifurahi kwa ajili ya mgongo wake.

Barua yako nimeipata. Nilipoiona bahasha nilidhani ndani ni mwandiko wa Mwalimu Hamisi, maana miaka yote ndiye aliyekuandikia na kukusomea. Nikafungua, nikakuta herufi za penseli, kubwa kubwa, nyingine zimefutwa mpaka karatasi imetoboka. Nikajua ni mkono wako. Nililia, baba. Consolata, mwenzangu wa chumbani, binti wa Kimakonde kutoka Newala, alidhani nimefiwa. Nilipomwambia kwamba baba yangu amejifunza kuandika katika madarasa ya jioni, akaichukua ile barua akaibusu. Wenzetu Wakristo ndivyo walivyo.

Umeniuliza kwa nini sikuja Idi. Kisha mwishoni ukaandika, "Kuna jambo lingine mwanangu lakini herufi zimenishinda." Hilo jambo lako silijui. Lakini na mimi nina langu, na zamani nisingeweza kuliandika, kwa kuwa kila barua yangu ilisomwa barazani, na Mwalimu Hamisi ana sauti ya kuadhini. Sasa utaisoma mwenyewe. Nakuomba uisome polepole, uifikishe mwisho, ndipo ukasirike ukitaka kukasirika.

Nitaanzia mbali kidogo. Mwaka huu tunasoma sheria za mila na ardhi. Mwalimu wetu ni mtu mzima wa Bukoba, mwenye sauti ndogo, akisema darasa zima linainama mbele. Hatufundishi kwa vitabu peke yake. Hutafuta hukumu za kweli zilizopita mahakamani, akazichapa kwa stensili, akatugawia, tukazisoma na kubishana kama mawakili, wengine upande huu na wengine upande ule. Jumatatu moja alitugawia hukumu ya Mahakama Kuu, kurasa nne za Kiingereza. Juu imeandikwa: Zena binti Ali dhidi ya Bakari Salumu.

Sikushtuka, baba. Watu wanaoitwa Bakari Salumu katika pwani hii ni kama mchanga. Nikasoma. Mjane anadai mikorosho ambayo marehemu mumewe, Mfaume, aliipanda kwenye shamba alilokaribishwa. Mwenye shamba anajibu kwamba marehemu hakukaribishwa, alikuwa kibarua tu, akipanda kwa kulishwa chakula. Hapo nikarudia kuisoma sentensi ile, lakini nikajiambia, wajane wako wengi na mikorosho iko mingi. Nikafika ukurasa wa tatu. Jaji anasema miti ile imepandwa kwa mistari iliyonyooka kabisa kutoka kwenye kijito hadi kwenye mkwaju uliopasuliwa na radi, na kwamba unyoofu ule unaonyesha ilipandwa kwa usimamizi wa mwenye shamba, si na mgeni aliyejipandia ovyo. Tena anasema mleta rufaa hakuleta shahidi hata mmoja aliyeona ikipandwa. Rufaa ikatupwa.

Niliukunja ule ukurasa nikautia chini ya daftari.

Baba, mistari ile naijua. Nilikuwa na miaka sita au saba. Mzee Mfaume alikuwa akichimba mashimo, Bi Zena mkewe akinifuata na kibuyu cha maji, na mimi nikitia mbegu za korosho, tatu kila shimo, nikijiona mtu mkubwa. Ulikuwapo. Ulishika ncha moja ya kamba, Mzee Mfaume akashika ya pili, mkaivuta ili mistari inyooke, huku mkitaniana nani ana jicho pogo. Babu Salumu, Mungu amrehemu, akaja na fimbo yake, akasimama akatazama, akasema, "Panda Mfaume. Utakachopanda hapa ule wewe na mkeo." Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Kesi ilipofika mahakamani mimi nilikuwa bweni. Niliporudi likizo nikakuta nyumba ya Bi Zena imebomoka upande mmoja na hakuna kuku uani. Nikamuuliza mama, akasema, "Amekwenda kwa kaka yake Kivinje," akageukia sufuria. Sikuuliza tena. Mtoto anapoambiwa jambo na mama aliyempa mgongo, hujua kwamba halina swali la pili.

Basi kule darasani mwalimu akagawa zamu. Elisha, kijana mmoja mwenye maneno mengi, akapewa upande wa mjane. Mimi, Mwajuma Bakari, nikapewa kumtetea mjibu rufaa, yaani wewe. Hakuna aliyejua. Hapa majina yetu ya Kiislamu wanayaona yote sawa.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikaenda ofisini kwa mwalimu, nikamwomba anibadilishe.

"Kwa nini?" akauliza. "Kesi ngumu?"

"Si ngumu, mwalimu. Mimi nilikuwapo."

Akavua miwani. "Ulikuwapo wapi?"

"Mikorosho ilipopandwa."

Akasema, "Sheria yetu inasema wakili hawezi kuwa shahidi katika kesi ileile. Viti ni viwili, Mwajuma, na wewe ni mmoja. Nenda ukafikiri utakaa kipi. Hata ukibaki bwenini siku hiyo sitakuuliza."

Nilifikiri, baba. Nilifikiri hata kuacha kozi hii niende ualimu, ambako watu hufundisha mambo yasiyowahusu. Kisha nikajiambia nitakwenda nimtetee baba yangu, maana mtoto gani hamtetei babake? Nikaandika hoja zangu kurasa mbili. Zilikuwa hoja nzuri. Ningeshinda.

Siku ikafika. Elisha alianza yeye. Alizungumza vizuri juu ya haki ya aliyetoa jasho, kisha akachangamka, akaanza kusema kama yuko kwenye mkutano wa hadhara. Akasema huyu Bakari Salumu ni kabaila mdogo, mnyonyaji wa kijijini anayekula jasho la wajane, na kwamba watu wa namna hii ndio wanaotuchelewesha kuufikia ujamaa. Wenzangu wakapiga meza kumshangilia.

Zamu yangu ikawa imefika. Nikasimama na karatasi zangu mkononi. Nikaziweka chini.

"Mwalimu," nikasema, "mimi siwezi kuwa wakili katika kesi hii. Naomba kiti cha shahidi."

Watu wakacheka, wakidhani ni mbinu. Mwalimu hakucheka. Akanionyesha kiti cha pembeni, nikakaa. Nikamtazama Elisha, nikamwambia, "Ndugu Elisha, Bakari Salumu si kabaila. Analima kwa jembe la mkono, na goti lake moja halikunjiki. Mwaka wa kesi hiyo moto wa msituni uliunguza mikorosho yake yote, na alikuwa na binti aliyepata nafasi ya bweni. Binti huyo ni mimi. Huyo unayemtukana ni baba yangu."

Kisha nikasema: "Lakini Mfaume hakuwa kibarua. Alikaribishwa na babu yangu. Mistari ile ilinyooka kwa sababu yeye na baba yangu waliivutia kamba pamoja. Mimi ndiye niliyetia mbegu."

Baba, sasa umejua. Nimesema mbele ya watu arobaini. Sikusema kukuaibisha. Nilishindwa kusema nusu. Nisingeweza kukutetea dhidi ya tusi la ukabaila halafu nimwache Mzee Mfaume na tusi la ukibarua. Kama nimekukosea kwa kulisema jina lako, niwie radhi. Kwa kusema nilichokiona, siwezi kuomba radhi, wala wewe hukunilea hivyo.

Mwalimu alilifunga darasa kwa maneno machache. Alisema hukumu ya Mahakama Kuu haibadilishwi na darasa, na muda wa kurudi mahakamani umepita zamani. "Ila," akasema, "sijaona sheria yoyote inayomkataza mtu kusema kweli kwa kuwa muda wa rufaa umepita." Jioni Elisha alinifuata maktaba. Alisimama tu, kofia mkononi. Mwishowe akasema, "Dada, baba yangu ni mtendaji huko kwetu. Ningesikia mtu anamsema hivyo ningempiga ngumi." Nikamwambia mimi sijui kupiga ngumi. Tukacheka kidogo, ikaisha.

Nilitaka kukuandikia usiku uleule. Consolata ndiye aliyenizuia. Alisema, "Usiandike bado. Mwone kwanza yule mama. Unajua unachotaka wewe, lakini hujui anachotaka yeye." Basi ilipokaribia Idi nikapanda basi la kusini, nia yangu nipite Kivinje, kisha nije nyumbani kula Idi nanyi. Tulikaa Rufiji nusu siku tukingoja pantoni, mapaja yangu yamekufa ganzi. Nilifika Kivinje siku mbili kabla ya mwezi kuandama.

Si vigumu kumpata mtu Kivinje. Nilielekezwa nyuma ya nyumba moja ya zamani ya mawe, ukuta umemeguka. Nikamkuta mwanamke ameketi juu ya jamvi, anasuka ukili wa mkeka. Amekonda, na jicho moja lina utando. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mwajuma."

"Mwajuma wa nani?"

"Wa Bakari. Bakari Salumu wa Pande."

Mikono yake ikasimama. Nilingoja anifukuze, na nilikuwa tayari. Akasema, "Ingia. Jua kali na wewe umefunga."

Nikaketi. Akanisogelea, akanivua mtandio, akashika kichwa changu kama alivyokuwa akinishika zamani, maana unakumbuka ni yeye aliyenisuka mpaka siku nilipokwenda bweni. "Nani anakusuka siku hizi?" akauliza. "Huyu hakupendi." Akanifumua nywele zote, akaanza upya. Kwa hiyo maneno yetu yote ya siku ile tuliyasema mimi nimempa mgongo, kichwa changu kati ya magoti yake, na ninadhani vinginevyo tusingeyasema.

Nilimweleza habari ya hukumu na darasa. Kisha akasema, "Nilikuwapo baba yako alipotoa ushahidi. Alisema sawasawa mpaka akafika kwenye neno kibarua. Hapo akakohoa. Akakohoa tena. Hakimu aliandika yote, ila kikohozi hakukiandika."

Nikamuuliza anataka nini. Nikaanza kumweleza kwamba mashamba ya zamani sasa yako mbali na kijiji kipya, na kwamba sijui yatahesabiwa vipi, lakini kama baba atakubali, mbele ya wazee wa kijiji, ile miti...

Akanivuta msuko mpaka machozi yakanitoka. "Nani kakwambia nataka miti? Mikorosho ile imezeeka kama mimi. Mimi sina mtoto wa kumwachia. Mume wangu amelala pale, Mwajuma. Alikufa mkulima, wao wakamfufua mahakamani wakamfanya kibarua. Nataka baba yako aseme kwa mdomo wake kwamba Mfaume alikuwa mgeni wa Salumu. Aseme watu wasikie. Na nataka nifagie kaburi la mume wangu nisionekane mwizi. Basi."

Baadaye akaongeza, kama mtu anayezungumza na ukili wake, "Kuna mchuuzi mmoja wa samaki wakavu hupita kule. Ananiambia kaburi la Mfaume halina majani. Miaka yote hii. Nani analifagia?"

Nilimwambia sijui. Na kweli sijui. Kama ni mama, nambusu mikono. Kama ni wewe, sitakuuliza lolote zaidi.

Kuna jambo jingine alilonieleza, na hili ndilo lililonilaza macho. Nilidhani ni Mwalimu Hamisi aliyekushawishi nisiozwe nikamalize shule. Kumbe ni yeye. Alisema alikufuata shambani, mwaka mmoja kabla ya Mzee Mfaume kufa, akakwambia, "Bakari, huyu mwache asome, ana akili ya kubisha." Nilimuuliza kama alijuta. Akasema, "Nilijuta mwaka mmoja. Mwaka wa pili nikaona uvivu."

Idi nilisali naye na wanawake wa mtaa ule. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga kwa kaka yake, ambaye hakunisemesha mpaka siku ya pili. Siku ya tatu nikafunga mkoba wangu nikaenda kusimama linaposimama lori la kwenda kwenu. Lilikuwapo, baba. Utingo alikwisha kuushika mkoba wangu. Nikawaza nyumba imejaa wageni wa sikukuu, nawe umekaa mbele ya sinia, unanikatia mnofu kama unavyonikatia siku zote. Nikaona siwezi kuula huku nimenyamaza, wala siwezi kulisema jambo hili mbele ya wageni. Nikamwomba utingo mkoba wangu. Nikapanda basi la kurudi Dar es Salaam. Hii ndiyo sababu sikuja. Nilikuwa karibu nanyi mwendo wa siku moja, nikageuza, na tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri.

Sasa baba, sikuandikii kukuhukumu. Wanaohukumu wana joho na mshahara, mimi nina daftari. Najua mwaka ule ulivyokuwa. Najua mikorosho yetu iliungua, na najua sare yangu na sanduku langu la bati vilitoka wapi. Kwa hiyo ukiniambia mimi nami nimekula, nitasema kweli, nimekula. Ndiyo maana naona si haki ulibebe peke yako.

Likizo yetu itaanza kabla ya Maulidi, masika hayajafunga njia. Nitapita Kivinje nimchukue Bi Zena, tuje naye. Kaka yake amekubali, kwa masharti kwamba nimrudishe mimi mwenyewe. Sikuombi ruhusa ya kumleta, niwie radhi kwa hilo. Nakuomba usimtume mtu kutupokea. Njoo wewe, hata kama goti linauma, hata kama utachelewa na watu wakatucheka tumeketi juu ya mizigo. Ukimwona, usitafute maneno makubwa. Mkaribishe kama babu alivyomkaribisha mumewe. Siku ya pili, wanaume wakitoka msikitini, yale mengine utajua mwenyewe utakavyoyasema. Ukikohoa, tutakungoja umalize.

Na kama utaona huwezi, niandikie. Neno moja linatosha, kwa penseli, nami nitamwambia Bi Zena mvua imeharibu njia. Lakini likizo ile mimi nitaitumia Kivinje, nimchambulie ukili, na utakuwa umenikosa Maulidi kama ulivyonikosa Idi.

Wasalimie sana. Mama, mwambie nguo aliyonitumia imenikaa vizuri na Consolata anaionea wivu. Mjomba wa Mitwero akija, mwambie nimepata kile kitabu alichoniagiza, nitamletea. Mwalimu Hamisi, mshukuru kwa miaka yote aliyotusomea, na umwambie nimesema kwa heshima kabisa kwamba hii asiombe kuiona. Shangazi yangu Mwanaisha, na bibi mzaa mama, ambaye najua atakuuliza kama nimepata mchumba. Mwambie nimepata kesi.

Mtihani ni baada ya wiki tatu. Niombee dua, na mimi nakuombea wewe kila baada ya sala, jina lako la kwanza na la babu, na sasa naongeza la Mzee Mfaume, na nimeona yote matatu yanakaa pamoja bila shida.

Nakaa nikikutazamia, mimi binti yako, niliyetia mbegu,

Mwajuma Bakari.